Maziwa ya unga ya mbuzi: Soko litaamuliwa ndani ya kikombe

Mfanyabiashara anayetaka kuingia katika biashara ya maziwa ya mbuzi hupewa ushauri wa aina moja karibu kila anapokwenda. Huambiwa kwamba maziwa ya mbuzi ni dawa, kwamba mlaji wa mjini yuko tayari kuyalipia bei ya juu kuliko ya ng'ombe, na kwamba kinachokosekana ni mashine tu ya kuyakausha ili yafike mbali. Ushauri huo ni nusu ya ukweli. Nusu ambayo haisemwi ndiyo inayokula mitaji ya watu.

Kinywaji cha unga huuzwa mara mbili. Mara ya kwanza huuzwa dukani, ambako mnunuzi husoma maandishi ya pakiti na kuangalia bei. Mara ya pili huuzwa nyumbani, pale maji yanapomiminwa kikombeni na kijiko kuanza kuzunguka. Unga ukielea juu kama vumbi, ukafanya madonge, ukaacha chengachenga ulimini au mashapo chini ya kikombe, mnunuzi huyo hatarudi hata kama aliambiwa kuwa maziwa hayo yanatibu magonjwa kumi. Suala la ulaini wa kinywaji, ambalo wengi huliweka mwishoni mwa mpango wa biashara, linastahili kuwa la kwanza, na mashine ifuate baadaye.

Kwa nini unga

Mbuzi wa maziwa si mgeni Afrika Mashariki. Katika milima ya Mgeta, mkoani Morogoro, mbuzi wa asili ya Norway waliingizwa katika miaka ya 1980 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Nchini Kenya, shirika la FARM-Africa lilianza mwaka 1996 kusambaza damu ya mbuzi aina ya Toggenburg kwa wafugaji wa Meru, wakati wafugaji wa Nyeri na maeneo ya jirani walijiunga katika chama cha Dairy Goat Association of Kenya na kutegemea mbuzi wa Alpine wenye asili ya Ujerumani. Wengi wa wafugaji hao wana mbuzi wawili, watatu au watano, wanaofungiwa bandani na kukatiwa majani, na katika kaya nyingi wanaowahudumia ni akina mama.

Mbuzi chotara anayetunzwa vizuri hutoa kiasi cha lita moja hadi mbili kwa siku. Mtoto wa mbuzi akishanyonya na watoto wa nyumbani wakishapata kikombe chao, kinachobaki kwa ajili ya kuuza huenda kikawa chupa moja au mbili. Kukusanya chupa mbili mbili kutoka milimani, kwa njia ambayo wakati wa masika hupitika kwa shida, ni gharama kubwa. Maziwa mabichi yasiyo na ubaridi nayo hayangoji. Yakiingia asubuhi kwenye ndoo, jioni yameanza kuchacha.

Ndiyo maana wazo la unga linavutia. Lita 8 hivi za maziwa ya mbuzi hutoa kilo moja ya unga wenye mafuta yake yote. Kilo hiyo hubebwa kwa urahisi, haihitaji jokofu, na ikifungwa ipasavyo hukaa miezi mingi. Hakuna wa kubeza hesabu hiyo. Kosa linaanza pale mwekezaji anapodhani kwamba kazi ya kiwanda ni kuondoa maji tu.

Mbuzi hana kosa

Inafaa ieleweke kwanza kwamba maziwa ya mbuzi yenyewe ni laini. Chembe zake za mafuta kwa wastani ni ndogo kuliko za ng'ombe na hazikimbilii kupanda juu kuwa malai, hivyo mafuta hubaki yametawanyika ndani ya maziwa. Aidha, protini yake ikiganda hufanya mgando mwororo. Mlaji anapopata kinywaji chenye mchanga mchanga, basi aliyeyaharibu ni mtengenezaji, siyo mbuzi.

Yanaharibika vipi? Kwanza ni joto. Maziwa ya mbuzi yana kalsiamu huru nyingi zaidi na sitreti kidogo zaidi kuliko ya ng'ombe, na kwa sababu hiyo protini yake huvumilia moto mkali kwa shida. Kiwanda kinachochukua kipimo cha joto na muda kilichozoeleka kwa maziwa ya ng'ombe na kukitumia kwa mbuzi bila kubadili kitu huishia na protini iliyoshikamana. Protini hiyo ikikaushwa haiyeyuki tena sawasawa. Ndiyo yale mashapo meupe ambayo mama mwenye nyumba huyakuta chini ya kikombe na kudhani ameuziwa chokaa.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Moto hupunguzwa hadi kile kinachotosha kuua vijidudu, na kiasi kidogo cha chumvi za fosfeti au sitreti, ambazo viwango vya kimataifa vya Codex vinaziruhusu katika maziwa ya unga, huongezwa ili zishike kalsiamu isisumbue protini. Pia kila shehena hupimwa uchachu kabla haijaingia kwenye mashine. Maziwa yaliyoanza kuchacha kidogo, ambayo mnywaji wa kawaida asingeyatambua, huganda upesi zaidi yakikutana na moto. Kwa maneno mengine, ulaini wa kinywaji unaanzia kwenye ndoo ya mkamuaji.

Pili ni umbo la unga. Mashine ya kukausha kwa kunyunyiza hurusha maziwa mazito kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto, na kila tone hukauka kuwa punje ndogo mno. Mtu anaweza kudhani kwamba unga laini kabisa ndio utakaoyeyuka vizuri. Kinyume chake ndicho kweli. Yeyote aliyewahi kupika uji anajua kinachotokea unga mkavu unapomwagwa kwenye maji ya moto kwa mkupuo: nje unalowa na kufanya utando, ndani unabaki mkavu, na madonge yanaogelea hadi mwisho. Mpishi mzoefu huukoroga kwanza kwa maji baridi. Mnywaji wa maziwa ya pakiti hataki kazi hiyo. Ameahidiwa kinywaji cha papo hapo.

Viwanda vyenye uzoefu hutatua jambo hilo kwa kuunganisha punje. Unga mwembamba hulowanishwa kidogo kwa mvuke ili punje zishikane na kuwa vichembe vikubwa vyenye matundu, kisha hukaushwa tena taratibu. Maji huingia kwenye matundu hayo na kukivunja kichembe kutokea ndani. Unga wa namna hii ukimwagwa juu ya maji ya vuguvugu unatakiwa uzame wenyewe katika muda wa kama nusu dakika, bila kukorogwa. Hicho ni kipimo ambacho mwenye duka yeyote anaweza kukifanya kwa glasi na saa ya mkononi kabla hajakubali kupokea mzigo.

Tatu ni mafuta. Kwa kiwango cha Codex cha mwaka 1999, maziwa ya unga yasiyoenguliwa mafuta huwa na mafuta kuanzia asilimia 26 hadi chini ya 42, na maji yasiyozidi asilimia 5. Sehemu ya mafuta hayo hukaa juu ya punje na kuyafukuza maji, kama jani la mgomba linavyofukuza mvua. Lesithini, inayotokana na soya au alizeti, ikinyunyiziwa kwa kiasi kisichofika asilimia moja hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, na unga ukalowa. Gharama yake kwa pakiti moja ni ndogo, lakini kuikosa kunaweza kuangusha biashara nzima.

Nne ni harufu. Asidi tatu za mafuta zinazoyapa maziwa haya harufu yake, yaani kaproiki, kapriliki na kapriki, zimepewa majina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi. Zikiwa zimefungwa ndani ya mafuta hazisumbui. Zinapofunguliwa, kwa sababu maziwa yalitikiswa sana njiani au yalicheleweshwa yakiwa na joto la mwili wa mnyama, kinywaji kinanukia zizi. Harufu si ulaini kwa lugha ya wataalamu, lakini mlaji hatenganishi. Kikombe kikinuka beberu, ulimi nao unasema ni kizito.

Waliotangulia

Nchi zilizofanikiwa katika biashara hii hazikufanikiwa kwa kuwa na mbuzi wengi. New Zealand, ambayo inajulikana zaidi kwa ng'ombe na kondoo, ina ushirika wa wafugaji wa mbuzi wa maziwa wenye makao yake Hamilton, ulioanzishwa mwaka 1984. Ushirika huo ulijikita kwenye unga wa watoto wachanga, bidhaa ngumu kuliko zote, kwa sababu mama anayemtengenezea mtoto chupa usiku wa manane hana subira na unga unaoziba chuchu ya chupa. Ilibidi wanachama wakubali nidhamu ya ubora tangu kwenye banda hadi kwenye kopo.

China nayo ina eneo lake la mbuzi wa maziwa katika jimbo la Shaanxi, ambako wilaya kama Fuping zimejenga uchumi wao juu ya unga wa maziwa ya mbuzi. Nchi hiyo pia imetoa somo chungu. Mwaka 2008 maziwa ya unga ya watoto yaliyotiwa melamini, kemikali iliyowekwa ili maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane yana protini ya kutosha, yaliua watoto 6 na kuwadhuru takriban 300,000. Hayo yalikuwa maziwa ya ng'ombe, lakini somo halichagui mnyama: soko la unga ni soko la kuaminiana, kwa kuwa mnunuzi haoni kilichochanganywa.

Mfano ulio karibu zaidi na hali ya mfugaji wa Mgeta au Meru unapatikana katika kisiwa cha Java, Indonesia. Huko mbuzi wa Etawa, wenye asili ya India, hukamuliwa na wafugaji wadogo, na baadhi ya vikundi hutengeneza unga bila mnara wala umeme mwingi. Maziwa huchemshwa kwenye karai pamoja na sukari, yakikorogwa mfululizo hadi maji yaishe na sukari irudi kuwa punje zikiwa zimebeba maziwa, kisha husagwa na kuchekechwa. Mtaji wake ni mdogo na bidhaa yake inauzika.

Hata hivyo njia hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe ni ya ulaini. Sukari ni nyingi, moto ni mkali, rangi huelekea hudhurungi, na punje zisipochekechwa vizuri ulimi huzihisi kama mchanga. Anayetaka kuiga Java anapaswa kujua kwamba anaiga kinywaji kitamu cha tangawizi na sukari chenye maziwa ndani yake. Asiiandike kwenye pakiti kama maziwa kamili ya unga.

Hesabu ya mnara

Sasa ifanyike hesabu ambayo wauzaji wa mashine hawapendi kuifanya mbele ya mnunuzi. Kiwanda kidogo kinachotaka lita 1,000 kwa siku, kutoka kwa mbuzi wanaobakiza lita moja ya kuuza kila mmoja, kinahitaji mbuzi 1,000 wanaokamuliwa siku hiyo hiyo. Kwa kuwa mbuzi hukaukiwa na wengi huzaa kwa misimu, idadi halisi ya majike katika eneo la ukusanyaji inabidi iwe kubwa zaidi. Kwa wafugaji wenye mbuzi watatu watatu, hizo ni kaya mia kadhaa zilizotawanyika mabondeni na vilimani. Mavuno ya kazi yote hiyo ni unga wa kilo 125 hivi.

Mnara wa kukausha hauna subira na wingi mdogo kama huo. Kuupasha moto, kuusafisha na kuuzima kunagharimu karibu sawa, yawe maziwa ni mengi au machache. Mwekezaji aliyekopa benki kununua mnara kabla hajawa na maziwa ya kuulisha atajikuta ananunua maziwa ya ng'ombe usiku ili kuujaza. Hapo ndipo udanganyifu unapozaliwa, wala hautokani na tabia mbaya peke yake. Unatokana na mashine kubwa kuliko zizi.

Wenye kumbukumbu ya viwanda vya Tanzania Dairies Limited wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 viwanda hivyo, vilivyojengwa ili kusindika maziwa ya wafugaji, vilitegemea kwa sehemu kubwa kuchanganya unga na mafuta ya siagi ya msaada kutoka nje. Maziwa ya ndani yalikuwa machache kuliko uwezo wa mitambo. Misaada ilipopungua, mitambo ikasinzia. Mitambo haikukosa ubora, ilitangulia maziwa.

Njia yenye hatari ndogo ni kuanza na kinywaji badala ya kuanza na kiwanda. Kilo 125 zile zile za unga, zikiuzwa kama maziwa matupu, ni makopo machache. Zikiwekwa gramu 10 katika kila pakiti ya kinywaji cha mchanganyiko, ni pakiti 12,500, na kila pakiti ina thamani ya mililita 80 za maziwa ya mbuzi, kiasi cha kikombe kidogo. Kilichobaki katika pakiti kinaweza kuwa unga wa ulezi uliokwisha kuivishwa, sukari kidogo na viungo. Bidhaa ya namna hiyo inaongea lugha ambayo mlaji wa Afrika Mashariki anaijua, kwa sababu imekaa kati ya uji na chai ya maziwa.

Hapo napo ulaini unataka akili. Ulezi uliosagwa kwa mashine ya kawaida ya mtaani huacha maganda yanayokwaruza koo, hivyo lazima uchekechwe kwa chekecheo laini. Kimea cha ulezi kisichopashwa moto kina vimeng'enya vinavyovunja wanga na kuufanya uji kuwa mwepesi. Anayetaka kinywaji kizito asishangae kikiwa maji. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na ndiyo maana wapishi wa chai huichemsha kwanza. Unga wa tangawizi uliokaushwa kwa ubaridi, ukiingia kwenye pakiti bila kujaribiwa, unaweza kugandisha kikombe mbele ya mgeni.

Biashara ya dawa

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inazunguka bure. Watasema mnunuzi wa maziwa ya mbuzi hajali chengachenga, anatafuta afya, na kwa ajili ya afya mtu hunywa hata mwarobaini. Ni kweli kwamba wapo wanunuzi wa namna hiyo. Lakini mwarobaini hunywewa na mgonjwa, naye akipona huacha. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa wateja wanaoondoka wakipona.

Isitoshe, sehemu kubwa ya sifa za kiafya zinazotangazwa hazina msingi wa kutosha. Maziwa ya mbuzi yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, hivyo mtu ambaye tumbo lake halivumilii laktosi hatapata nafuu ya maana. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe mara nyingi hudhurika pia na ya mbuzi, kwa sababu protini hizo zinafanana. Na yapo madhara ya wazi: maziwa ya mbuzi yana upungufu mkubwa wa foleti, na mtoto mchanga akilishwa hayo peke yake anaweza kupata upungufu wa damu. Ulaya iliruhusu protini ya maziwa ya mbuzi katika unga wa watoto wachanga mwaka 2013, lakini ni katika unga uliorekebishwa na kuongezwa virutubisho kwa vipimo vikali. Kinywaji cha pakiti cha kawaida si chakula cha mtoto mchanga, na pakiti inapaswa kusema hivyo kwa maandishi yanayosomeka.

Anayeuza kwa madai ya tiba anajiweka mikononi mwa shirika la viwango na mamlaka za dawa na vyakula. Anayeuza kwa sababu kinywaji ni kitamu, laini na kinashiba hana cha kuogopa.

Uzito wa kweli na wa bandia

Ipo hoja nyingine inayostahili jibu la haki. Baadhi ya walaji wanaona kwamba kuongeza lesithini, fosfeti au gundi ya mgunga ni kuchakachua, na kwamba maziwa halali hayahitaji msaada. Wasiwasi wao una sababu. Kinywaji kinaweza kufanywa kizito kwa wanga na mafuta ya mawese, kikapewa picha ya mbuzi kwenye pakiti, huku maziwa ya mbuzi yenyewe yakiwa ya kunusishwa tu. Ulaini unaweza kuwa ubora, na unaweza kuwa kinyago.

Tofauti kati ya hayo mawili ni namba moja: ni asilimia ngapi ya kilichomo kwenye pakiti ni unga wa maziwa ya mbuzi. Kiungo kinachosaidia maziwa yaliyopo kuyeyuka ni halali. Kiungo kinachoziba pengo la maziwa yasiyokuwapo ni wizi. Kama kila pakiti ingelazimika kuandika asilimia hiyo upande wa mbele, kwa herufi kubwa kama za jina la bidhaa, mfanyabiashara mwaminifu asingekuwa na sababu ya kuogopa mshindani anayeuza wanga kwa jina la mbuzi. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya yana uwezo wa kudai hilo, na maabara zinazoweza kutofautisha protini ya ng'ombe na ya mbuzi si jambo geni tena duniani.

Anayenufaika kwanza na sharti hilo ni mfugaji. Pakiti ikiruhusiwa kuwa na maziwa kidogo yasiyotajwa, kiwanda hakina haja ya kumlipa mfugaji vizuri, maana kinaweza kupunguza maziwa wakati wowote bei inapopanda. Pakiti ikitaja asilimia, kiwanda kinafungwa na maziwa, na mwenye mbuzi watatu anakuwa na sauti.

Pwani na bara

Jambo la mwisho ambalo mipango mingi husahau ni hali ya hewa. Unga unaokaa vizuri katika ghala la Arusha au Nyeri unaweza kushindwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Laktosi iliyokauka haraka huvuta unyevu wa hewani, hunata, kisha hugeuka kuwa fuwele, na unga wote ukawa bonge moja. Bonge hilo hufinya mafuta nje, mafuta yanakutana na hewa, na baada ya wiki chache kinywaji kina ladha ya ubao wa zamani. Pakiti ya karatasi au nailoni nyembamba haizuii hayo. Inahitajika pakiti yenye utando wa alumini, iliyofungwa pasipo pumzi, na ya kipimo cha kumalizwa kwa mara moja ili isibaki wazi kabatini.

Mtengenezaji makini angeacha pakiti zake za kwanza miezi mitatu kwenye rafu ya duka la kawaida la pwani, lisilo na kiyoyozi, kisha akazifungua mbele ya watu wasiomjua na kuwaomba wachanganye wenyewe, kwa maji yao na vijiko vyao. Gharama ya jaribio hilo ni nauli na uvumilivu.

Nani afanye nini

Kwa mtazamo wa soko, mpangilio wa kazi unaonekana hivi. Vyama vya wafugaji vianze na ndoo: usafi, ubaridi, beberu akae mbali na mahali pa kukamulia, na kila shehena ipimwe na malipo yafuate ubora badala ya ujazo peke yake. Vyuo na taasisi zenye mashine ndogo za majaribio zifungue milango kwa wafanyabiashara, ili kilo mia za kwanza zikaushwe kwa kukodi na makosa yafanyike kwa gharama ndogo. Mwenye mtaji atumie mwaka wa kwanza kutafuta mchanganyiko ambao mlaji anaurudia, naye apime mafanikio kwa pakiti ya pili anayonunua mtu yule yule, maana pakiti ya kwanza huuzwa hata na udadisi. Benki nazo, kabla ya kukopesha fedha za mnara, ziulize maswali mawili: mbuzi wako wapi, na nani amekwisha kunywa kinywaji hiki mara tatu kwa fedha yake mwenyewe?

Watakaoona mwendo huo ni wa taratibu mno wakumbuke ni nani anayebeba hasara mambo yakiharibika. Mwagizaji wa mashine huwa amekwisha kulipwa. Mwekezaji anaweza kuuza jengo. Lakini mama wa milimani aliyeshawishiwa kuongeza mbuzi kutoka wawili hadi watano, akakopa kwa ajili ya banda na kupanda majani mahali palipokuwa na maharage, hana pa kupeleka maziwa siku kiwanda kinapofunga kwa sababu walaji wa mjini walikuta madonge kwenye kikombe. Atawachinja wale mbuzi, na damu bora iliyochukua miaka kujengwa itaishia kwenye supu.

Biashara ya maziwa ya unga ya mbuzi inaweza kusimama Afrika Mashariki. Malighafi ni nzuri, ujuzi wa kuyafanya yawe laini unapatikana, na mlaji anapenda kinywaji cha moto chenye maziwa. Ila mlaji huyo hahongeki kwa picha ya mbuzi kwenye pakiti. Atatia maji, atakoroga mara tatu, atakunywa, na hapo hukumu itakuwa imetoka.